Fundi Aliyekataa Kunifundisha

Fundi hakupenda kuulizwa swali akiwa ameshika tupa. Ukimwuliza, aliacha kazi, akaiweka tupa juu ya kitambaa, akakutazama mpaka utafute mwenyewe pa kwenda, kisha akaanza upya pale alipoishia. Mimi niliuliza mara moja tu, mwaka wa kwanza, nikitaka kujua kwa nini chuma anakisugua kwa kwenda mbele na si kwa kurudi. Baada ya hapo nilinyamaza, na kunyamaza kulinifaa, maana mtu akinyamaza muda mrefu watu husahau kwamba ana macho.

Jina lake nalijua, na la baba yake aliwahi kunitajia, lakini siyaandiki. Dodoma nzima, toka stesheni hadi Makole, aliitwa Fundi, na hata Bwana Stesheni, yule Mdachi aliyekuwa na amri juu yetu sote tuliokaa kando ya reli, alimwita hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mjane. Mume wangu alikuwa mmoja wa waliotandika reli ile, akafa kwa homa kabla garimoshi la kwanza halijafika, nami badala ya kurudi kwetu Kondoa nikabaki, nikawa nakamua mafuta ya nyonyo. Karakana haiishi bila mafuta, ndiyo maana niliingia na kutoka bila askari kuniuliza kitu.

Mafuta yenyewe yalinitoa jasho. Unakaanga mbegu, unazitwanga, unazichemsha, unaengua mafuta yanayoelea juu, halafu unayarudisha motoni mpaka maji yote yaishe. Nikimpelekea Fundi, alichovya vidole viwili, akavisugua, akanusa, akasema, "Maji yamo."

"Fundi, nimechemsha mpaka kuni zimekwisha."

"Basi katafute kuni."

Nikarudi nyumbani nikimtukana njia nzima. Mara ya pili alichovya tena, akanusa, akayamimina katika chombo chake bila neno. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Miaka yote ile sikumsikia akimsifu mtu kwa kinywa, na ukimlaumu alikujibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilikuwa mwanamke wa kupika mafuta tu, lakini nitasema kweli, nilitaka siku moja mtu yule aniambie nimefanya vizuri. Nilitaka sana kuliko ilivyofaa.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliingiza kichwa chini ya garimoshi linalofuka moshi kana kwamba anachungulia chini ya kitanda, lakini akimwona ndama wa Wagogo anakuja upande wake, alipanda juu ya rundo la mataruma ya reli akasubiri apite. Mpiga nyundo wetu, Mgogo wa Mvumi mwenye kifua kipana na maneno mengi, alikuwa akimchungulia kila asubuhi mlangoni na kumsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa, Fundi. Leo nimekuja peke yangu, ng'ombe nimewaacha nyumbani." Fundi hakucheka hata siku moja. Vyombo vyake alivipanga juu ya kitambaa kwa ukubwa, na ukisogeza kimoja alijua. Nyumbani kwake alilala juu ya magunia, na sufuria yake moja ilikuwa ya uji, ya chai na ya kunawia uso.

Magunia yale yalikuwa na sababu. Alisema mtu hanunui kitanda mahali asipokaa. Mkewe alikuwa Kilosa, siku moja tu kwa garimoshi, na Fundi alimuaga akisema atarudi mvua zikikatika. Zilikatika zikaanza, zikakatika zikaanza. Kila mtu wa kazi alikuwa na kipande, karatasi ya kutiwa alama kila siku aliyofanya kazi, na kikijaa alistahili kwenda zake. Cha Fundi kikijaa, Bwana Stesheni alikitia sandukuni akatoa kingine. Bila cheti cha Bwana hakuna aliyepanda garimoshi. Basi yule mtu alitengeneza breki za garimoshi linalokwenda Kilosa, akalitia mafuta, akaliona likiondoka, akarudi kunoa patasi.

Mara moja alitoroka kwa miguu. Walimkamata upande wa Gulwe, wakamrudisha, akapigwa viboko hamsa ishirini mbele yetu. Bwana Stesheni alisimama pale akamwambia askari, "Mikono usiguse." Baadaye akampelekea tumbaku. Nilimkanda mgongo kwa mafuta yangu, na alichosema siku hiyo nakikumbuka neno kwa neno.

"Ningekuwa mjinga wangeniacha niende," alisema. "Pampu ya kisima iliharibika, nikaitengeneza. Siku ile ndiyo nilijifunga."

"Basi fundisha mwingine," nikamwambia. "Akijua, utaondoka."

Kwao, alisema, kazi ya mikono haitolewi ovyo. Mwanafunzi huletwa na wazee wake, huwekwa mkononi mwa fundi mbele ya watu, na akihitimu humpa mwalimu wake kilemba. Fundi anayemfundisha mtu asiyekabidhiwa anatupa kazi ya walimu wake jalalani. Hapa karakana nani aliletwa na wazee? Waliletwa na askari.

Niliuona huo ni ukaidi mtupu na nikamwambia hivyo. Mtu amefungwa, ufunguo anao mfukoni, anasema si desturi kuutumia. Akanigeuzia mgongo wake wenye alama, akaniambia nimalize kukanda.

Hata hivyo mikono yake ilikuwa minene na yangu ni myembamba. Palikuwa na nati ndani ya mashine ambazo vidole vyake havikuzifikia. Ndipo alipoanza kuniita. "Shika hapa. Zungusha. Basi. Unasikia imekaa?" Nikisema nasikia, alininyang'anya spana akahakikisha, akaiweka chini. Nilipomchokoza siku moja kwamba sasa nami ni mwanafunzi wake, alikasirika kweli.

"Sikufundishi," alisema. "Nakushikisha tu."

Basi alinishikisha miaka mitatu.

Mwaka wa injini ulianza kwa msafiri mmoja wa Kizungu aliyekuja na gari la petroli. Wengi wetu hatukuwa tumeliona bado. Alilishusha kutoka mabehewani, akalipeleka porini njia ya Iringa, na baada ya siku chache likarudi likikokotwa na ng'ombe, ekseli imevunjika, na rejeta, naiita kwa jina la siku hizi, imepasuka. Mwenyewe aliumwa akarudi kwao. Gari likabaki karakana. Bwana Stesheni alilizunguka siku nzima, mikono nyuma, nikajua lipo jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa mashindano. Bwana mwenzake wa stesheni moja ya magharibi alikuwa na kiberenge, kile kigari kidogo cha kukagulia reli, alichokitia injini, na alikuwa akijisifu kwamba hakuna wa kumpita. Waliwekeana shindano kwa sikukuu ya mfalme wao. Kila mmoja angekimbiza kiberenge chake kutoka nguzo nyeupe iliyokuwa mbali magharibi mpaka stesheni yetu, mmoja baada ya mwingine kwa kuwa reli ilikuwa moja, na saa ingeamua. Bwana Stesheni akamwita Fundi mbele yetu sote.

"Injini hii uitoe kwenye gari, uitie kwenye kiberenge changu. Kikishinda, nakupa cheti, unakwenda Kilosa. Kisiposhinda..." Hakumaliza, na hakukuwa na haja.

Mpiga nyundo alisubiri Bwana aondoke. "Fundi, sisi kwetu ng'ombe anayetoa maziwa mengi hauzwi," akasema. "Kikishinda ndiyo hutoki kabisa."

Fundi alijua. Kisiposhinda ni kiboko, kikishinda atakuwa wa thamani zaidi. Nilimwona amekaa juu ya taruma amevikunjua viganja vyake na kuvitazama, akaniambia, "Kama kuna njia ya tatu, mimi siioni." Nilimhurumia mpaka nikashindwa kula mchana ule.

Lakini alipoifungua injini alisahau. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Aliivunja vipande vipande, kila kipande akakiweka kwenye kitambaa kwa mpangilio wake, na masizi yaliyoganda ndani ya silinda tuliyakwangua kwa kijiti cha mpingo, kwa sababu chuma kingechora. Vali alizisaga katika makao yake kwa mafuta na unga laini wa kusagia, robo mzunguko kwenda, robo kurudi, kuinua, kuanza tena, mpaka utepe wa kijivu ukazunguka bila kukatika mahali. Kisha beringi. Alipaka mhimili unaozunguka ndani yake masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta yangu, akaulaza mahali pake, akauzungusha mara moja, akautoa. Palipobaki na weusi ndipo palipoinuka, na hapo unakwangua kidogo mno, unapaka tena, unazungusha tena. Ilichukua siku tisa. Kazi ya beringi za ndani niliifanya mimi, kwa sababu ya vidole, naye aliketi nyuma yangu akipumua.

Siku ya nne nilimwambia kwa sauti ya chini, "Fundi, iache moja iwe mbovu. Ikimaliza mbio ife, wasiwe na cha kukushikia. Utasema ni petroli."

"Na wewe ungeiacha?"

Niliitazama beringi iliyokuwa mkononi mwangu. Nilishindwa kumdanganya, nikaendelea kukwangua.

Kuiweka injini kwenye kiberenge kulikuwa na mateso yake. Fremu ya kiberenge ilikuwa nyepesi, ikabidi tutie mihimili miwili ya mninga mkavu. Seremala alileta mninga mbichi kwanza, Fundi akaukataa kwa kuulamba tu. Injini ikashushwa kwa minyororo, mpiga nyundo akiishikilia na kuibembeleza kwa Kigogo. Nguvu ilikwenda kwenye ekseli kwa mnyororo, na meno ya mbele na ya nyuma yasipokuwa kwenye mstari mmoja mnyororo unaruka. Fundi alivuta uzi wa kushonea kutoka huku hadi huku, akatia vipande vya debe chini ya miguu ya injini, akatoa kimoja, akarudisha nusu yake. Alifanya hivyo mpaka Bwana Stesheni aliyekuwa amesimama mlangoni akachoka akaenda kunywa kahawa. Tulipoizungusha kwa mkono ikawaka, sauti yake ilikuwa nzito na sawa. Fundi aliweka kiganja juu ya mninga, akafumba macho. Alikuwa na furaha. Mtu yule alikuwa ameshajichimbia kaburi, na alikuwa na furaha.

Siku ya sikukuu stesheni ilijaa watu, askari wamevaa safi, bendera juu. Kiberenge cha magharibi kilifika kwanza kikirusha moshi, Wazungu wakatazama saa. Kisha tukasubiri chetu. Kilisikika kabla hakijaonekana. Kilipopita mbele yetu Bwana Stesheni alikuwa ameinama mbele, Fundi yuko nyuma amekumbatia tangi, na harufu ya mafuta yangu ya nyonyo, tuliyoilainishia injini, ilijaa stesheni nzima hata mke wa Mzungu mmoja akaziba pua. Saa zikatazamwa tena. Tulikuwa tumeshinda, wala haikuwa kwa kubahatisha.

Fundi alishuka, uso umejaa madoa ya mafuta. Hakungoja. "Bwana, cheti changu."

Bwana Stesheni alikuwa akicheka na kupeana mikono. "Cheti? Hiki kitakwenda kushindana hadi Tabora. Mafuta haya yanaacha gundi, kila mara lazima kifunguliwe kisafishwe. Nani atafanya? Ni wewe peke yako."

Nilimwona Fundi akijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, taratibu. Kisha akaninyooshea mkono.

"Huyu anajua."

Bwana akacheka zaidi. "Mama wa mafuta?"

"Beringi zilizokukimbiza leo amezikwangua yeye. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, na masikio yake ni mazuri kuliko yangu. Nimemfundisha mwenyewe. Mjaribu."

Miaka mitatu nilikuwa nasubiri neno moja, naye ananipa yote kwa mpigo mbele ya mji mzima. Bwana aliniambia nigeuke nitazame ukuta. Akafanya jambo kwenye injini, akaamuru iwashwe. Nilisikiliza nikiwa nimetazama ukuta. Nikasema, "Silinda ya pili hailipuki." Nikageuka, nikafuata waya, nikakuta ameuchomoa plagini. Akafanya jingine, gumu zaidi: alilegeza nati ya vali. Nalo nililisikia, nikaomba spana, nikaikaza. Mpiga nyundo alipiga kigelegele cha kike na watu wakavunjika mbavu. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nalia kwa fahari. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu nikiwasimulia hudhani nililia kwa kuwa nilijua yatakayonipata.

Bwana Stesheni aliketi mezani papo hapo. Kwa kalamu moja alimwandikia Fundi cheti, na kwa kalamu hiyo hiyo akaniandikia mimi kipande. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

Fundi aliondoka kesho yake mchana. Nilimsindikiza. Nilitazamia aseme neno, maana jana yake alikuwa na maneno mengi, lakini alitazama magurudumu ya behewa tu. Garimoshi lilipoanza kuvuta akasema, "Boliti za mbele uzikaze kila Jumatatu." Nikazikaza kila Jumatatu.

Mwezi wa tatu ilikuja habari kutoka Kondoa kwamba mama yangu amelala hawezi. Nilikwenda kwa Bwana Stesheni nikaomba siku kumi. Alikuwa amenijibu kabla sijamaliza: nani atatunza kiberenge? Nikaenda bila ruhusa, kwa miguu, na askari wawili walinipata kabla ya Haneti. Sikupigwa. Bwana alisema wanikamate vizuri, wasinivunje vidole. Mama alizikwa nami nikiwa nimelala chali chini ya kile kigari, masizi machoni. Mpiga nyundo ndiye aliyeniletea habari, akakaa chini kando yangu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wowote.

Kipande changu kilijaa, kikatiwa sandukuni, nikapewa kingine. Vita vilipokuja hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa kiberenge kilibeba barua za jeshi na mimi nikalindwa kama risasi. Nilitoka siku Wadachi walipokimbilia kusini, wakachoma karatasi zao nyuma ya stesheni. Nilitembea hadi Kondoa, nikaoneshwa kaburi.

Miaka ilipita. Waingereza walikuwa wameshakaa katika viti vya wenzao waliotangulia, nami nikawa nafanya biashara ya mafuta hadi Morogoro. Siku moja garimoshi lilisimama Kilosa muda mrefu, nikashuka kunyoosha miguu. Chini ya kivuli cha ghala alikuwapo mzee anauza machungwa aliyoyapanga kwa ukubwa juu ya kitambaa, na kando yake bibi mmoja akimenya muhogo. Nilimtambua kabla hajainua uso.

"Shikamoo, Fundi."

Alinitazama sana. "Marahaba," akasema. Akamgeukia mkewe. "Huyu ni mtu wa Dodoma."

Mkewe alinisalimu vizuri, akanipa kigoda, akaenda kuniletea maji. Alikuwa mwanamke mpole, na ilionekana kwamba walikuwa wakicheka pamoja kabla sijafika. Nilifurahi kumwona, na papo hapo nikamchukia.

"Huna kazi ya chuma?" nikamwuliza.

"Niliacha siku niliyoshuka. Hapa hakuna anayejua kama nilikuwa fundi." Akachagua chungwa, akalirudisha. "Walikuachia lini?"

"Hawakuniachia. Walikimbia."

Akatikisa kichwa. Nikamweleza habari za mama, kwa maneno machache, naye akasikiliza bila kuinua macho.

"Nilijua watakushika," akasema. "Nilipokunyooshea mkono nilijua. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeshaamua. Sitakuomba radhi, kwa sababu nikirudishwa pale leo nitafanya vile vile."

Nilikuwa nimejiandalia matusi miaka mingi, na ninayajua matusi ya Kirangi, ya Kigogo na ya Kiswahili. Hakuna lililokuja. Kengele ya kwanza ya garimoshi ililia, watu wakaanza kupanda, nami nikajikuta namwuliza jambo jingine kabisa, ambalo mpaka leo naona haya kuliandika.

"Yale uliyosema mbele ya watu. Juu ya mkono wangu. Yalikuwa kweli, au uliyasema ili uondoke?"

Mkewe alikuwa anarudi na maji. Fundi alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mwenzake wa kazi.

"Yangekuwa uongo," akasema, "wangekuja kunichukua ndani ya wiki moja."

Nikanywa maji ya mkewe, nikamrudishia kata, nikapanda garimoshi.